Tumempumzisha baba, sasa hawezi kuinuka

Shikamoo Shangazi.

Mimi ni binti wa kwanza katika familia ya watoto watano. Naishi Nyegezi, hapa Mwanza, na mume wangu, na baba anakaa kwetu. Mama alikataa katakata kuhama, yuko kule kule Kabuhoro, mlimani.

Baba ana miaka 71, na maisha yake yote amekuwa mtu wa kazi. Alianza kama kuli pale soko la samaki la Mwaloni, Kirumba, akishusha magunia ya dagaa kutoka kwenye boti na kuyapandisha kwenye malori. Baadaye akapata kibanda chake cha kuuza nyavu na kamba. Nyumba yetu iko juu kwenye mawe, gari haifiki, kila kitu kinapanda kichwani au begani. Miaka minne iliyopita alipimwa akakutwa na kisukari. Tukakaa kikao cha familia tukasema basi, mzee ametuhangaikia vya kutosha, sasa apumzike. Kibanda tukamkabidhi mdogo wetu, baba tukamleta kwangu ambako ni tambarare. Tukamnunulia kiti kizuri cha kuegemea na televisheni. Dada wa kazi yupo, hata maji ya kunywa analetewa alipo. Akitaka kwenda kanisani, bodaboda inamfuata mpaka mlangoni.

Mwezi wa tatu alishikwa na nimonia, akalazwa karibu wiki mbili. Tangu atoke hospitali si yule. Mapaja yamekwisha, tumbo liko pale pale. Kwenye mizani kilo zake hazijashuka sana, ndiyo maana mwanzoni hatukushtuka. Halafu siku moja nikasikia naitwa kutoka chooni. Choo chetu kilikuwa cha kuchuchumaa. Baba alikuwa amechuchumaa, ameshika bomba la maji, hawezi kuinuka. Akaniambia kwa nje ya mlango nimwite mume wangu, nisiingie mimi. Shangazi, nililia. Wiki hiyo hiyo fundi akaja akaweka choo cha kukaa.

Sasa familia imegawanyika. Kaka yangu wa Dar anasema ni umri tu, mwili wa mzee umepoa, hauunguzi tena chakula, kwa hiyo tupunguze nyama na samaki, apewe uji na mboga za majani. Mdogo wangu wa kike anataka tununue unga wa protini wa kopo aliouona kwenye simu, bei yake inakaribia ada ya muhula. Jirani mmoja mstaafu anasema tumpeleke gym. Nilipomwambia baba hilo la gym alicheka mpaka akakohoa vibaya. Kusema kweli hata mimi naona aibu. Watu wamwone mzee wa miaka 71 ananyanyua vyuma na watoto wapo?

Na kuna hili linanichanganya. Mama ana miaka 68, ana presha, lakini kila asubuhi anashuka mlima kwenda Mwaloni kuanika na kuchambua dagaa, jioni anapanda na beseni. Siku nzima anainama na kuinuka. Tumembembeleza apumzike, hasikii. Tumlazimishe kabla naye hajawa kama baba? Na baba tumfanyeje?

Binti wa Kwanza, Nyegezi


Shangazi anajibu

Marahaba mwanangu, na poleni kwa kuuguza.

Nianze na mama, maana jibu lake ni fupi: mwacheni. Mlima ule na dagaa wale ndio wanaomweka alivyo. Ameze dawa zake za presha, mzigo wa kichwani upunguzwe kama magoti yanalalamika, lakini kushuka na kupanda asizuiwe na mtu. Nakuomba umwangalie kitu kimoja tu mkila pamoja. Akina mama wengi wa umri wake humpakulia kila mtu, vipande vya samaki vikaisha, wao wakabaki na ugali na mchuzi. Kama ndivyo afanyavyo, kipande chake kitengwe mapema.

Sasa baba. Mimi nikiwa shangazi yako, yeye ni kaka yangu, kwa hiyo naweza kusema lile ambalo jirani atalimung'unya: mmempumzisha mno. Najua mlifanya kwa upendo, na kikao kama chenu kinafanyika kila wiki kuanzia Igoma hadi Ilemela. Mzee akifika 65 anavuliwa kila kazi, anapewa kiti, na tunaita heshima. Umri umechangia hali ya baba, sikatai, lakini kilichomlegeza zaidi ni miaka minne ya kiti ikifuatiwa na wiki mbili za kitanda.

Hizo wiki mbili usizidharau. Mwaka 2007 ilichapishwa kazi moja ya watafiti wa Marekani waliowalaza kitandani kwa siku 10 watu wazima wenye wastani wa miaka 67. Hawakuwa wagonjwa. Walikula chakula kamili, walilala tu. Kwa siku hizo 10 miguu yao ilipoteza karibu kilo nzima ya nyama, na nguvu za miguu zikashuka kwa takriban asilimia 16. Baba yako alilala zaidi ya hapo, tena akiwa na homa na bila kula vizuri, na mapaja yake yalikwishapungua tangu mlipompa kile kiti. Kijana akilazwa hivyo atarudi mwenyewe akianza kutembea. Mzee harudi mwenyewe, lazima arudishwe.

Na mizani imewadanganya. Misuli ikiondoka na mafuta yakaingia mahali pake, kilo zinabaki zile zile, nanyi mnasema mzee yuko sawa. Hata misuli inayobaki si ile ya zamani, kwa sababu mishipa ya fahamu inayoiamrisha nayo hupungua. Ndiyo maana nguvu hushuka haraka kuliko nyama inavyoisha. Waliowafuatilia wazee wa miaka ya sabini kwa miaka 3 waliona nguvu za mguu zinapungua karibu mara tatu ya kasi ya kupungua kwa misuli yenyewe. Hali hii madaktari wanaiita sarkopenia, jina lililopendekezwa na mtafiti wa lishe Irwin Rosenberg mwaka 1989, na tangu 2016 Marekani imeipa namba yake katika orodha ya magonjwa. Nalitaja ili ukifika kliniki ulitumie, maana ukisema tu "mzee amechoka" utajibiwa "ni umri, mama".

Kabla ya yote, nirudi kwenye neno ulilolipita haraka: alicheka mpaka akakohoa vibaya. Ametoka kwenye nimonia, ana kisukari, na amepungua mapaja. Kama kikohozi kimefika wiki mbili, au anatoka jasho usiku, kesho asubuhi apelekwe akapimwe makohozi. Kisukari huongeza hatari ya kifua kikuu, na kifua kikuu kinakula misuli kuliko uzee. Watafiti wa NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu, hapa hapa Mwanza walipowapa wagonjwa wa TB vyakula vyenye vitamini na madini ya ziada, hawakupima kilo tu, walipima na nguvu za mshiko wa mkono. Katika matokeo yaliyochapishwa mwaka 2011, wagonjwa wasio na virusi vya Ukimwi waliongezeka uzito na mshiko ukaimarika. Kwa hiyo kama ni TB inatibika, na nguvu zinarudi. Lakini ijulikane kwanza, zoezi lifuate.

Kaka yako wa Dar ana nusu ya hoja. Mwaka 2021 jarida la Science lilitoa utafiti wa watu zaidi ya 6,400 kutoka nchi 29, kuanzia vichanga vya siku 8 hadi wazee wa miaka 95. Ukishatoa hesabu ya ukubwa wa mwili na kiasi cha misuli, kasi ya mwili kuunguza chakula haibadiliki kuanzia miaka 20 hadi 60. Baada ya hapo inashuka, kwa takriban asilimia 0.7 kila mwaka. Kwa mtu wa miaka 71 piga hesabu, ni asilimia 7 au 8 hivi, pungufu ya vijiko vichache vya ugali. Kitambi cha hao wa miaka 45 wanaosema "umetaboli umepungua" nakiachia bia na nyama choma ya wikiendi.

Nusu ya pili ndiyo inayomponza. Anataka mpunguze samaki. Mzee anahitaji protini nyingi kuliko kijana, kwa kuwa misuli yake imekuwa mizito kuitikia. Kiasi kinachotosha kujenga misuli ya mtu wa miaka 25 hakimtoshi. Jopo la wataalamu wa lishe ya wazee mwaka 2013 lilipendekeza gramu 1.0 hadi 1.2 za protini kwa kila kilo ya mwili kwa siku, wakati kiwango cha kawaida cha mtu mzima ni 0.8. Kama baba ana kilo 70, hizo ni gramu 70 hadi 84. Mwanza hatuna sababu ya kuzikosa. Kipande cha sato cha gramu 100 kilichopikwa kina gramu 25 hivi. Dagaa mkavu wa ziwani zaidi ya nusu ya uzito wake ni protini, tena analiwa na mifupa yake, kalsiamu hiyo. Yai moja gramu 6, kikombe cha maziwa 8, kikombe cha maharage yaliyoiva kama 15.

Ila angalia asubuhi ya kwetu ilivyo: chai ya rangi na maandazi mawili, au chai na kiazi. Mchana ugali na mchicha. Samaki anangojwa usiku, na mzee usiku amekwishashiba televisheni, anadonoa. Hamisha. Asubuhi mayai mawili au maziwa na maharage yaliyobaki, mchana dagaa wa kutosha, siyo wale wanane wa kupamba sahani. Ugali ndio upunguzwe, kwa ajili ya sukari yake.

Sharti moja: kwa kuwa ana kisukari, figo zipimwe kwanza, damu na mkojo, kabla hamjaongeza chochote. Figo zikiwa zimeguswa, kiwango cha protini kinapangwa na daktari wala si mimi. Hiyo ni sababu ya kwanza ya kuliacha lile kopo dukani. Ya pili ni hii. Mwaka 1994 kulichapishwa jaribio la Boston lililohusisha wazee 100 wa nyumba ya kutunzia wazee, wastani wa miaka 87. Wengine walifanya mazoezi ya nguvu ya miguu, wengine wakapewa kinywaji cha lishe, wengine vyote viwili, wengine wala kimoja. Baada ya wiki 10 waliofanya mazoezi nguvu zao zilikuwa zimezidi mara mbili. Kinywaji peke yake hakikuleta tofauti ya maana. Mwambie mdogo wako hiyo pesa alipie ada.

Sasa mazoezi yenyewe, na hapa ndipo nataka mnisikilize nyote watano. Kutembea ni kuzuri, nitakuja kukuzungumzia, lakini kutembea peke yake hakurudishi paja lililokwisha. Paja linarudi likipewa uzito unaolitoa jasho, uzito huo ukiongezwa kidogo kidogo. Timu hiyo hiyo ya Boston ilianza mwaka 1990 na watu 10 tu, wastani wa miaka 90, wadhaifu, wakawanyanyulisha uzito kwa miguu kwa wiki 8. Tisa waliomaliza, nguvu zao ziliongezeka kwa wastani wa asilimia 174. Kwa hao, baba yako ni kijana.

Gym si lazima. Mnacho kiti. Siyo kile cha kuegemea, hicho mtu anazama. Chukua kiti cha mbao cha mezani, kiegemeze ukutani kisiteleze. Baba akae, mikono aikunje kifuani, asimame wima kabisa, akae tena polepole bila kujibwaga, mara 5 mfululizo, wewe ukihesabu sekunde na mkono ukiwa tayari kumdaka. Wataalamu wa Ulaya wanasema ikizidi sekunde 15 nguvu zimepungua kiasi cha kushughulikiwa. Andika sekunde hizo kwenye kalenda.

Kisha kipimo hicho hicho kinageuka dawa. Kama kiti ni kifupi kwake, weka blanketi lililokunjwa juu yake kimwinue. Asimame na kukaa mara 8 hadi 10, apumzike dakika mbili tatu, arudie, halafu arudie tena. Mara mbili za mwisho ziwe ngumu, apumue kwa nguvu; akimaliza huku anapiga soga, mmempa mchezo. Ikizoeleka, toeni blanketi. Ikizoeleka tena, ashike kifuani kidumu cha maji cha lita 3, baadaye 5. Siku za kupumzika ziwepo katikati. Akishika dirisha, ainuke kwa vidole vya miguu na kushuka, kisha asimame mguu mmoja kadiri awezavyo, hiyo ni ya kumzuia asianguke. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2020 unataka watu wa miaka 65 na zaidi wafanye mazoezi ya nguvu angalau siku 2 kwa wiki, ya mizani ya mwili na nguvu siku 3, na kutembea kwa kasi ya wastani dakika 150 hadi 300.

Kuhusu kutembea: usimpangie safari ndefu ya alfajiri. Dakika 15 baada ya kila mlo. Misuli ndiyo inayochukua sehemu kubwa ya sukari ya damu baada ya kula, na ikiwa inajikaza hufanya hivyo hata insulini ikiwa dhaifu. Mwaka 2013 watafiti waliwalinganisha wazee waliokuwa karibu kuingia kwenye kisukari: dakika 15 mara tatu baada ya milo zilishusha sukari ya siku nzima sawasawa na dakika 45 za mkupuo asubuhi, na zile za baada ya chakula cha jioni zikasaidia zaidi. Bodaboda ya kanisani ibaki ya siku za mvua.

Ila kama anatumia insulini au vidonge vya kushusha sukari vya kundi la glibenklamidi, sukari inaweza kushuka ghafla akianza kujituma. Awe na pipi au sukari mfukoni, na daktari wake ajue mmeanza, huenda dozi ikapunguzwa. Viatu vilivyofunikwa, siyo kandambili, na nyayo zikaguliwe kila jioni. Kifua kikimbana au kizunguzungu kikimshika, mnasimama na kwenda hospitali.

Choo cha kukaa kibaki, wala msikione vibaya. Mjue tu kwamba kule kuchuchumaa ndilo lilikuwa zoezi la mwisho la nguvu lililobaki katika siku yake, nanyi mmelitoa. Kile kiti cha mbao kinalipa deni hilo.

Aibu uliyoisema naielewa, ila ni yako zaidi kuliko yake. Mtu aliyebeba magunia Mwaloni hakucheka kwa sababu kunyanyua vyuma kunamshusha hadhi. Amecheka kwa sababu kulipia ili unyanyue kitu kizito ni kichekesho kwa kuli yeyote. Basi msimwambie "mazoezi". Mpeni kazi. Arudi kibandani asubuhi tatu kwa wiki, akamkague huyo mdogo wenu anauzaje nyavu, ainuke kumfungulia mteja bando la kamba. Maji ya kunywa ajichotee mwenyewe, na dada wa kazi aambiwe hivyo mbele yake, asionekane mvivu. Yale ya kwenye kiti ayafanye chumbani mlango umefungwa ikibidi. Na kazi za nyumbani zisichukue nafasi ya kiti, kwa sababu kuchota maji na kufagia ua ni kwepesi mno kwa paja linalotakiwa kukua.

Mtaona tofauti ya sekunde ndani ya mwezi au miwili. Unene wa paja utachelewa kidogo, msiutazame kila siku. Lakini akijaribu leo akashindwa kusimama hata mara moja bila kutumia mikono, au mguu mmoja ni dhaifu kuliko wa pili, msianzie nyumbani. Mpelekeni kwanza kitengo cha fiziotherapia, yaani tiba ya viungo, hospitali ya Bugando au Sekou Toure, na karatasi zake za kisukari na za kulazwa mkiwa nazo mkononi.